Baba Amesoma "Kuja"

Nyumbani, 3 Februari

Mdogo wangu,

Habari za huko kwenye baridi? Sisi hatujambo, ingawa neno hilo leo naliandika kwa mazoea tu, utaona mbele. Binti yangu amepanda darasa la tano. Ameshika nafasi ya tatu na anataka ujue kwamba wale wawili waliomtangulia walikaa dawati moja. Shangazi magoti bado yanamtesa na bado hataki fimbo, ati fimbo ni ya wazee. Mimi nimo na cherehani yangu. Shule imenipa sare za watoto wa darasa la kwanza, kwa hiyo nyumba nzima ni vipande vya kaki.

Sasa lililonikalisha hapa. Baba amepigwa na kiharusi. Leo ni siku ya ishirini na tatu. Nilichelewa kukuandikia kwa kuwa nilingoja nipate jema la kuongeza, na jema halikupatikana.

Mkono wa kulia haufanyi kitu. Mguu anauburuta. Mdomo umerudi karibu mahali pake. Lakini hayo watu wanayazoea. Tabu yenyewe ni maneno. Baba huyu aliyekaa kiwandani miaka thelathini na minne akisahihisha vitabu vya watu kabla havijachapwa, aliyekuwa akiturudishia hata barua zetu za shule zikiwa na wino mwekundu, leo akitaka maji anasema "kofia". Na anajua amekosea. Hufumba macho kama mtu aliyeona kosa kwenye kitabu ambacho kimeshauzwa.

Halafu kuna mambo yasiyoelezeka. Juzi alijiunguza kidole kwenye birika, likamtoka tusi zima, refu, safi, halina herufi iliyopungua. Binti yangu alikimbia uani kucheka. Mimi nililia. Anaweza kuhesabu moja hadi kumi bila kusita, lakini mwambie aanzie nne, hawezi. Gazeti analishika vizuri, halijapinduka, anakaa nalo saa nzima kwenye ukurasa uleule.

Alianguka asubuhi akinyoa ndevu. Ndivyo ilivyokuwa.

Wewe ndiye daktari wa ubongo wa ukoo huu. Baba ameshawaambia hivyo watu wote hadi wauza mkaa. Nieleze kilichompata, halafu uje.

Dada yako

*

Chumbani kwangu, 26 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako nilikabidhiwa na mwenye nyumba nikiwa ngazini, nikaisomea palepale, mfuko wa viazi mkononi. Mpe mwanangu hongera kwa nafasi ya tatu. Shangazi mwambie huku vijana wanatembea na fimbo kwa mapambo. Mimi mzima, isipokuwa kikohozi kidogo.

Nisikilize. Ubongo una nusu mbili, kama nyuso mbili za kitabu kilichofunuliwa. Nusu ya kushoto ndiyo inayotawala mkono wa kulia, na kwa watu wengi ndiyo yenye maneno. Huko ndiko Baba alikoumia. Maabara yetu inapima jambo hilihili. Tunamkalisha mtu mbele ya kiwambo, kidevu juu ya kibao, tunamwambia akodolee nukta iliyo katikati. Mashine inamulika neno upande mmoja wa nukta, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Neno likitokea kulia, linafika kwanza nusu ya kushoto, na mtu analisoma, liwe neno gani. Likitokea kushoto, linafika kwanza nusu ya kulia, na hapo ndipo penye maajabu. Maneno ya vitu vinavyoshikika, kisu, kikombe, farasi, mara nyingi huonekana. Maneno kama haki au sababu hupotea. Na vile vijineno vidogo, ya, kwa, ili, ingawa, ndivyo visivyoonekana kabisa. Wataalamu wenyewe wanabishana ni kwa nini, lakini mimi nimeona watu wengi kwenye kiti kile na sina shaka na nilichokiona.

Matusi, kuhesabu, nyimbo: hayo hutoka kwa mkupuo kama kikohozi, wala hayatungwi. Ndiyo maana yamebaki.

Mwandikie kadi, neno moja kwenye kila kadi. Changanya vitu na mawazo. Niandikie atakachosema, hata kikiwa si sahihi, hasa kikiwa si sahihi.

Swali moja. Alifikishwa hospitali baada ya muda gani? Saa za kwanza ndizo zinazoamua. Presha ikishushwa mapema damu haiendelei kuvuja, na mengi huokolewa.

Kuhusu kuja, kazi imebana mwaka huu. Tutaona.

Mdogo wako

*

Nyumbani, 2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Kikohozi hicho usikidharau. Shangazi amekubali fimbo, lakini anaishika begani kama bunduki. Sare za kaki nimemaliza, nikaambiwa mifuko nimeiweka juu mno, nimezifumua zote.

Kadi nilizikata kwenye yale makaratasi magumu yanayokuja ndani ya mashati mapya. Nilimkalisha Baba mezani baada ya chai, binti yangu akashika kalamu kuandika majibu. Nakunakilia.

Kisu, akasema kisu. Mlango, akasema mlango. Kikombe, akasema chai. Mkasi, akanionyesha mimi kwa kidole, akacheka. Haki, kimya. Sababu, "sa, sa, sabuni". Kwa, akasema hakuna. Nilipomwonyesha kadi iliyoandikwa Mama, aliichukua kwa mkono mzima akaitia kwenye mfuko wa shati, na hadi leo hairudishi.

Kisha nikamwonyesha ingawa. Unakumbuka alivyokuwa akiipenda ingawa? "Mtu asiyejua kutumia ingawa," alikuwa akisema, "hajui kufikiri, anajua kupayuka." Aliitazama kadi ile muda mrefu. Akaigeuza. Akaishika kwa meno akaichana vipande viwili, kisha akakaa akilia bila sauti. Binti yangu aliniuliza: "Mama, niandike nini hapo?" Nikamwambia asiandike kitu.

Sitarudia mchezo huo. Umejua ulichotaka kujua.

Daktari wa wodi ameisoma barua yako mara mbili, akasema imeandikwa vizuri sana. Anataka kukuandikia mwenyewe, daktari kwa daktari, aombe ushauri wako. Ameniuliza jina la hospitali yako. Nimetafuta kwenye barua zako zote za miaka saba sikuliona. Lilete. Afadhali zaidi ujilete mwenyewe. Baba anakuita "Daktari" kila asubuhi. Jina langu limempotea, hilo halijampotea.

Dada yako

*

Chumbani kwangu, 30 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini mifuko ya sare imekubaliwa. Huku miti imeanza kuota majani. Sina habari nyingine ya kukuburudisha.

Mwambie daktari wa wodi asiniandikie. Hakuna hospitali. Mimi si daktari.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini yangu imekwenda miaka mitano kwa sababu ninyi mliniamini. Nilianguka mtihani mwishoni mwa mwaka wa pili. Nilirudia, nikaanguka tena, wakanitoa. Profesa mmoja mwenye maabara aliniona nimekaa kwenye korido na sanduku langu, akanipa kazi ya kuangalia mashine. Kazi yangu ni kufuta kile kibao cha kidevu kwa spiriti, kumkalisha mtu, kumwambia atazame nukta, kubadilisha slaidi na kuandika namba. Ile picha niliyopiga nimevaa koti jeupe, koti ni langu kweli. Huku hata anayefuta meza huvaa koti jeupe.

Mara ya kwanza nilipoanguka niliandika barua ya kuwaambia. Siku hiyohiyo ikafika barua ya Baba. Aliandika kwamba amewasomea wenzake wa kiwandani sifa zangu mbele ya mashine zote, na mashine zikazimwa ili wasikie. Nikaichana yangu.

Sasa unaniita nije nimponye. Nitamponya kwa nini, kwa kitambaa cha spiriti? Nikiingia nyumbani, Baba ataniita Daktari, na mimi nitaitika au nitanyamaza, yote mawili siwezi. Sitakuja. Sina uso wa kuuvuka mlango ule. Najua ni woga. Sitakuja, Dada.

Usimwambie Baba. Barua hii ifiche.

Lakini kuhusu saa za kwanza hukunijibu. Alifikishwa hospitali saa ngapi?

Mdogo wako

*

Nyumbani, 19 Julai

Mdogo wangu,

Salamu. Binti yangu mzima. Shangazi mzima.

Sikuandika kwa zaidi ya miezi mitatu. Barua yako ilifika mwezi Mei, nikaifunga. Nilidhani nitakasirika siku mbili tatu halafu nikuandikie. Hasira iliisha haraka, sikufichi, nilishangaa ilivyoisha haraka. Kilichonifunga mkono ni kingine, nitakiandika mwisho nikiwa bado na nguvu.

Barua niliificha chini ya vitambaa, kwenye droo ya cherehani. Mwishoni mwa mwezi wa sita nilikuwa uani naanika nguo, nikasikia Baba anaita: "Daktari! Daktari!" Nikaingia mbio. Alikuwa amefungua droo akitafuta ule mkasi mdogo anaokatia kucha, akaiona hati yako. Hati yako angeijua hata gizani. Alikuwa ameitandaza mezani, kidole kinatembea. Akaniita kwa kichwa. Akaweka kidole kwenye neno, akasema, "Mlango." Akakisogeza: "Baba." Akakisogeza tena, akanitazama, uso wote umefunguka namna ambayo sijaiona tangu augue, akasema: "Kuja!"

Nikainama nione. Neno lilikuwa "Sitakuja".

Wewe uliyekalisha watu kwenye kiti miaka mitano utaelewa kuliko mimi. Yale ya mbele hayaoni. Si, ni, ta, li, vyote kwake ni vumbi. Anaona kuja tu. Na uliliandika mara mbili, akalipata mara mbili.

Nilimwambia, "Baba, hapana. Haji." Nikatikisa kichwa. Akacheka, akagonga karatasi kwa kidole kama alivyokuwa akigonga ukibishana naye juu ya kosa la chapa. Karatasi imesema. Tangu lini mimi nikajua kusoma kuliko yeye?

Kesho yake aliamka akataka shati la mikono mirefu. Nikamfunga vifungo. Akaburuta kiti hadi mlangoni akakaa akitazama barabara. Anakaa mpaka jua limfikie magotini, kisha namwingiza ndani. Leo ni siku ya ishirini. Wapita njia wanamsalimu, naye anawaambia, "Daktari. Kuja." Wananipongeza mimi.

Sasa hilo jingine. Uliniuliza mara mbili, chukua.

Hakuanguka akinyoa ndevu. Ilikuwa jana yake, saa kumi alasiri. Alikuwa akinisomea gazeti huku nashona, kama kawaida, akaanza kusoma maneno yasiyokuwepo. Waziri akawa mzinga. Bei ya unga ikawa bei ya ungo. Mimi nilicheka. Nilidhani anafanya mzaha, unamjua kwa kuchezea maneno. Nikamwambia, "Endelea, Baba, hiyo nzuri." Naye akaendelea, akinitazama, akisema mambo yasiyo na kichwa wala miguu, na mimi nacheka hadi uzi ukanikatikia. Sasa najua alikuwa ananitazama vile kwa kuwa alikuwa anaogopa. Akasema kichwa kinamuuma, akaenda kulala. Nikamwacha alale. Asubuhi nilipomwamsha mkono ulikuwa umeshakufa.

Haya. Zilipita saa kumi na tano kabla hajafika hospitali. Umepata jibu lako, Daktari.

Ulipoandika kwamba saa za kwanza ndizo zinazoamua, niliisoma sentensi ile kama hukumu iliyotoka kwa mtu anayejua. Nimelala nayo, nimeamka nayo, nimeshona nayo. Halafu ukaniandikia kwamba wewe hufuta kibao. Basi niambie, ile sentensi ilikuwa ya nani?

Na uje, au usije, lakini ukumbuke kuna mtu amevaa shati.

Dada yako

*

Chumbani kwangu, 15 Agosti

Dada yangu,

Shikamoo. Sijui niulize habari gani, kwa kuwa najua habari.

Sentensi ile haikuwa yangu. Nilimsikia profesa akimwambia mgeni wake wakinywa chai, mimi nikiwa nafunga mashine. Alikuwa anazungumzia mgonjwa mwingine, ugonjwa labda mwingine. Niliiokota nikaipachika kwenye barua kwa sababu ilikuwa na sauti ya daktari. Sikujua kama ni kweli kwa Baba, na hadi leo sijui. Nilikuuliza mara ya pili kwa kuwa nilitaka liwepo kosa lingine ndani ya nyumba ile kando ya langu. Hilo ndilo ambalo sikutaka kuliandika.

Nilimwendea profesa nikamweleza habari za gazeti, za saa kumi, kila kitu. Alifikiri akasema, "Kwa wakati ule huenda wasingeweza kufanya lolote." Amesema huenda. Sitakuongezea neno wala kulipunguza.

Dada, nakuja. Nimeomba ruhusa, nimepewa. Nitafika tarehe ishirini Septemba au karibu na hapo. Aniite Daktari, nitaitika. Nitakaa naye chini nimwambie ukweli kwa maneno anayoyaona, na kama hayapo, nitamfunga vifungo tu. Nimemwandikia karatasi yake hii iliyo ndani, kwa herufi kubwa. Mpe mwenyewe mkononi. Baba. Mtoto. Meli. Barabara. Mlango. Kiti. Chai. Nimejaribu kutafuta neno la kusema kwamba nimekosa, ambalo mtu anaweza kulishika kwa mkono. Sikulipata. Nilikaa nalo jioni tatu.

Je, umenisamehe? Nijibu hilo hata kama hutajibu jingine.

Mdogo wako

*

Nyumbani, 4 Septemba

Mdogo wangu,

Barua yako imeingia leo. Ina tarehe kumi na tano Agosti. Baba tulimzika tarehe kumi na mbili. Ulipokuwa ukimwandikia herufi kubwa alikuwa ana siku tatu ardhini.

Nilikwenda posta kukupigia telegramu. Karani akanipa fomu na kalamu iliyofungwa uzi. Nikaandika "Baba", kalamu ikakataa kwenda. Nyuma yangu kulikuwa na foleni. Nikaiacha fomu pale mezani nikarudi nyumbani, nikajiambia kesho, na kesho yake nikajiambia hivyohivyo. Kwa hiyo usije ukadhani ni posta iliyokuchelewesha. Ni mimi.

Ilikuwa asubuhi, saa tatu na nusu. Alikuwa kitini. Nilikuwa nampima mwalimu mmoja kiuno, tukasikia kiti kinakwaruza. Safari hii sikucheka, wala sikungoja. Nilimbeba na mwalimu yule, futi ya kupimia bado iko shingoni mwangu, tukasimamisha gari la wauza mbao, kabla ya saa nne tulikuwa tumefika hospitali. Daktari wa wodi alikuwepo. Kitanda kilikuwepo. Sindano ilikuwepo. Kila kitu kilikuwepo ndani ya saa ya kwanza, na saa nane mchana akafa.

Nilimuuliza daktari kama ningefanya hivi mara ya kwanza ingekuwaje. Akasema, "Mama, hilo hakuna anayelijua." Wewe na profesa wako mnasema "huenda", yeye anasema "hakuna anayelijua". Nilitaka mtu mmoja tu aniambie ndiyo, au aniambie siyo. Hayupo.

Nikueleze jambo ambalo sikuliweka kwenye barua ya Julai. Nilikuandikia kwamba nilimwambia huji. Ni kweli, nilimwambia, siku ya kwanza. Baada ya hapo sikumwambia tena. Ningeweza kuichukua barua, kuichana mbele yake, angeelewa. Badala yake nilikuwa nalipiga pasi shati kila jioni. Alikuwa na furaha, mdogo wangu. Siku arobaini na tatu alikuwa na furaha, na furaha yenyewe ilikuwa ya uongo, na uongo nilikuwa naunyosha mimi kwa mikono yangu. Basi usijione uko peke yako katika kazi hiyo.

Watu waliokuja kuzika waliniuliza Daktari yuko wapi. Nikasema yuko safarini. Shangazi akaniangalia, nadhani anajua. Alishona midomo akaegemea fimbo yake.

Vitu vyake nimevifungia sandukuni: miwani, kalamu za wino mwekundu, gazeti la siku ile. Kadi ya Mama ilikuwa mfukoni, imekwenda naye. Karatasi yako ya herufi kubwa sijui niiweke wapi. Nimeizungusha nyumba nzima. Kwa sasa iko juu ya meza ya kukatia, na kila nikitandaza kitambaa inabidi niisogeze.

Umeniuliza kama nimekusamehe. Sijui. Na mimi nina wa kumuuliza hilohilo, hayupo tena. Barua hii huenda isikukute kabla hujapanda meli. Ukifika tarehe ishirini, kitanda chako kipo, nimebadilisha mashuka. Lakini usinishike mkono mlangoni, na usinililie. Nina sare kumi na nne za kumaliza kabla shule haijafunguliwa, na nikianza kulia sasa sitaona sindano.

Dada yako